Kituo Kisichokuwa na Ijumaa

Kituo cha basi kilichokuwa mbele ya nyumba yetu Mabela, pembezoni mwa Muscat, nilikiweka mimi, na nikaking'oa mimi. Majirani wanadhani kiliondoka chenyewe, kama vinavyoondoka vitu vya mabarazani bila ya mtu kuuliza. Sikuwasahihisha. Sasa nimeshachoka kulibeba jambo hili peke yangu, lakini mwenye kutaka kunihurumia asijisumbue. Nilikuwa na roho mbaya, tena nilikuwa nayo kwa akili timamu. Naanza hapo ili tusipotezeane wakati.

Miaka kumi na kitu nyuma, Muscat haikuwa na mabasi ya kusemwa ni mabasi. Palikuwa na teksi nyeupe zenye ubavu wa rangi ya machungwa, unasimama njiani unanyoosha mkono, dereva anapunguza mwendo, unamtajia Ruwi au Sib, naye akikubali unaingia na wenzio usiowajua. Mwenye gari alikwenda na gari lake. Asiye na gari hakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Kisha yakaja mabasi mekundu, mapya, ndani baridi mpaka unatafuta mtandio, viti vya mbele vimewekewa wanawake. Mstari wa kwanza ulifuata barabara kuu, Ruwi mpaka huku kwetu. Ukaja wa Al Khoudh kwa ajili ya wanafunzi, ukaja wa uwanja wa ndege, halafu ikawa inazaana, mmoja huu unaingia mtaani, mmoja ule unapanda milimani.

Mie nilikuwa katika ofisi ndogo ya washauri iliyopewa kazi ya vituo. Wengine walichora mistari. Mie nilisema nguzo ya kituo isimame wapi. Nilishinda juani na kofia juu ya mtandio, nna kamba ya kupimia na chupa ya maji, napima hatua kutoka kona hadi kona. Nikiri kwamba nilikuwa naipenda kazi ile. Na ulipoamuliwa mstari wa kuingia Mabela, niliweka nguzo moja kwenye kona ya nyumba yetu, mkabala na dirisha la chumba cha Mama. Mtaa ulistahili kituo, hapo sikuiba. Ila kona zilikuwa tatu, na mie nilichagua ile ambayo Mama angeiona akiwa kitandani.

Mama alizaliwa Unguja, akaletwa huku keshakuwa mwari, na ulimi alikuja nao vile vile. Aliitazama nguzo yangu ile nyekundu na kibao chake, akauliza, "Ndo hii?"

"Ndo hii, Mama."

"Umesoma mpaka ng'ambo, umeolewa umeachika, kisha unakuja kunichomekea mti wa chuma mlangoni."

Ndivyo tulivyozungumza mie na Mama. Nilikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki nyumbani, kaka zangu wako na wake zao Al Khoudh, wanakuja Ijumaa wanakula pilau wanaondoka. Mie ndiye niliyekaa naye, na mie ndiye niliyekuwa nikitiwa makosani kutwa. Chai yangu nyepesi, wali wangu bokoboko, abaya yangu imenibana. Nilikwishazoea, au nilijiambia hivyo.

Mwaka wa pili wa mabasi, Mama alianguka chooni akavunjika nyonga. Hapo tukaleta mtu wa kumsaidia, mwanamke wa Morogoro wa miaka thelathini na kitu, Mkristo, mrefu, mwenye Kiswahili cha bara kinachokwenda moja kwa moja. Alikwishafanya kazi Muscat miaka kadhaa na Kiarabu cha huku alikimudu. Siku ya kwanza aliniita "madamu". Mama akamkatiza.

"Humu hamna madamu. Huyu mwite Dada. Mie niite Bibi. Sie na weye lugha moja, weye ni mtoto wetu."

Katika nyumba zetu sie tuliotoka Unguja tuna maneno hayo. Msichana akija kutoka Indonesia au Uhindi ni khadima, mtumishi wa mshahara, ana mkataba, ana mapumziko yake. Akija anayesema Kiswahili ni mtoto wetu. Anakula chakula chetu, anatukanwa kama sie tunavyotukanwa, anavaa nguo zetu za zamani. Na mtoto wa nyumba hana mapumziko, kwa sababu mtoto anapumzika na nini? Nimeyaona hayo katika nyumba nyingi, na nilikusudia yawe hivyo hivyo kwetu. Lakini yule mwanamke mwezi wa kwanza ulipomalizika alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda cha Mama, akasema, "Bibi, mimi nasali Ijumaa. Kanisa letu huku ni Ijumaa, liko Ruwi. Naomba niwe naenda."

Mie nilikuwa mlangoni na nilikwishafungua mdomo. Mama akanitangulia. "Nenda, mwanangu. Kila mtu na Mola wake. Urudi kabla ya magharibi."

Basi ikawa kila Ijumaa asubuhi, akishamwogesha Mama na kumpa chai na mkate wa ufuta, anatoka na gauni lake la kanisani, anasimama kwenye nguzo yangu. Hakuwa peke yake. Wanawake wa kazi wa mtaa mzima walikuwa wakikusanyika pale, Watanzania, Wafilipino, Wahabeshi, sita saba, wamejipaka mafuta, wanacheka. Siku nyengine zote kituo kile kilikuwa kitupu, maana mtaani kwetu hata anayekwenda dukani kununua kiberiti anakwenda na gari.

Alikuwa na mdogo wake, na hiki ndicho kiini cha yote, kwa hiyo msikie vizuri. Mdogo wake alikuwa akifanya kazi katika nyumba moja kubwa Qurum, karibu na pwani. Msichana bado mgeni, Kiarabu hana, simu yake imewekwa kabatini na bibi mwenye nyumba. Watu wake walimruhusu kutoka Ijumaa kwa sharti moja: lazima awe na dada yake. Kwa hiyo dada akawa anapanda kwetu Mabela, anakaa kiti cha mbele upande wa dirisha, anaweka mkoba kiti cha pembeni. Basi likifika Qurum, yule mdogo anakuwa amesimama na bibi yake kituoni. Bibi anatazama dirishani. Akimwona dada, anamwachia msichana apande. Asipomwona, anamrudisha ndani. Kanisa lao lilianza humo humo ndani ya basi. Na jioni wakati wa kurudi, dada alikuwa anashuka Qurum, anamfikisha mdogo wake mpaka mlango wa geti, anazungumza na bibi yule kwa Kiarabu chake: mdogo wangu anaumwa tumbo, mdogo wangu hajalala. Kwa kusemewa hivyo, msichana alipelekwa hospitali mara mbili. Bila ya dada, hapakuwa na mtu wa kumsemea.

Haya yote nilikuwa nayajua. Niliyajua kwa sababu kila Ijumaa akirudi alimsimulia Mama. Mama alikuwa akimngoja dirishani kama anayengojea mwezi wa Idi. Basi likisimama, utamsikia, "Kaja." Kisha zinaanza habari: kwaya imeimba nini, mdogo mtu kavaa nini, nani kagombana na nani. Mama alikuwa akicheka mpaka anashika nyonga. Mie nilikuwa chumba cha pili na mlango wazi. Katika maisha yangu sikuwahi kumfanya Mama acheke namna ile, na nilimwonea kijicho yule mwanamke.

Kazini ilitakiwa kila kituo kihesabiwe watu: wangapi wanapanda, wangapi wanashuka. Vituo vyengine tuliweka vibarua. Cha kwetu, kwa uvivu wangu, nilimpa Mama. Nilimwambia, "Mama, weye umekaa dirishani kutwa, nisaidie kuhesabu." Nilidhani atanitolea maneno. Hakutoa. Aliomba daftari la miraba na kalamu ya risasi, akawa anaandika kila siku, kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili, kama walivyofundishwa watoto wa kike katika chuo cha Kurani Unguja zamani. Alikuwa haandiki idadi tu. Aliandika kapanda mwanamme wa Kihindi, kachoka. Kashuka msichana na mfuko wa nazi.

"Mama, ofisini wanataka idadi tu."

"Idadi bila ya mtu ndo nini?"

Alijivunia kazi ile. Akija mgeni atasema, "Nnamsaidia mwanangu kazi ya mabasi." Ndiyo mara ya kwanza nilisikia akinitaja kwa watu bila ya kunitia dosari. Lakini fomu yetu ya ofisi ilikuwa na siku tano, Jumapili mpaka Alkhamisi. Ijumaa na Jumamosi ofisi imefungwa, na fomu ilichapishwa na watu ambao Ijumaa wanalala, wanakwenda msikitini, wanakula, wanalala tena. Haikuwapitia akilini kwamba wako watu ambao siku yao ya kutembea ni hiyo hiyo moja. Nilimwambia Mama asihesabu Ijumaa.

"Mbona Ijumaa ndo kuna watu?" akauliza. Akaendelea kuhesabu.

Kilichonitoa roho ni doti ya kanga. Mama alikuwa na doti moja ya zamani aliyokuja nayo kutoka Unguja, nyekundu na nyeusi, haikupata kuvaliwa, imekunjwa na asumini kavu ndani ya sanduku. Nilimwomba siku ya harusi yangu akasema bado. Nilimwomba nilipoachika, nijifunike nilie, akasema kanga ile si ya kulilia. Idi moja nikaingia chumbani nikaikuta imekatwa katikati. Kipande kimoja yule mwanamke kakifunga kiunoni. Cha pili kakikunja akitie mkobani, ampelekee mdogo wake Qurum.

"Mama, hiyo kanga."

"Nimewapa watoto. Ndugu wawili, doti moja. Weye una nguo kabati tatu."

Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Mwezi ule ule mistari ikapitiwa upya. Mji ulikuwa umetanuka, mabasi hayatoshi, kila kituo kisicho na watu kiondolewe ili safari ifupike. Jirani mmoja, mwanamke wa heshima zake, alikuwa keshaniambia barazani kwa watu kwamba mbele ya kwetu Ijumaa pamekuwa soko la makhadima. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini neno liliniingia. Nilirudi na daftari la Mama ofisini, nikafungua fomu ya Mabela. Jumapili, hapana. Jumatatu, hapana. Jumanne, kibarua mmoja wa Kihindi. Jumatano, hapana. Alkhamisi, hapana. Mwenzangu wa meza ya pili, mtu makini, akaliona daftari akaniuliza, "Na hizi kurasa nyengine zilizojaa?"

Nikamwambia, "Hizo za Ijumaa. Ijumaa hatuhesabu."

Akasema, "Kweli." Nikatia saini.

Ningeweza kusema nilikuwa nafuata fomu. Nimejiambia hivyo miaka na miaka, na fomu ipo, ukiitazama utasema sina kosa. Lakini wakati ule kalamu iko mkononi niliuona uso wa yule msichana wa Qurum, ambaye sijapata kukutana naye, amesimama na kipande cha kanga yangu. Nikatia saini hivyo hivyo.

Walikuja Jumanne na gari la mashine wakaing'oa nguzo. Kazi ya robo saa. Mama alikuwa dirishani, yule mwanamke kashika bilauri ya chai yake. Waliangalia wote wawili mpaka tundu likajazwa saruji. Mama akanitazama. "Nani kawatuma?"

"Watu wa mabasi."

"Na weye si wa mabasi?"

"Amri imetoka juu, Mama."

Ijumaa wanawake walisimama pale pale pahala pa nguzo, wamejipaka mafuta yao. Basi likaja, likapita. Wengine waliliita, mmoja akakimbia hatua kadhaa akaacha. Yule wetu alirudi ndani na gauni lake la kanisani, akaja jikoni nilipokuwa.

"Dada, si wewe kazi yako ni vituo? Naomba uniulizie. Mdogo wangu atakuwa amesimama pale na bibi yake wanatazama dirishani."

"Ntauliza," nikamwambia.

"Ni huku mbele tu, Dada. Hata wakiweka mti bila kibao."

"Nimekwambia ntauliza."

Kituo kilichofuata kilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, baada ya msikiti mpya, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu kwa sababu lazima uzunguke mpaka kwenye daraja. Na Ijumaa mabasi ni machache. Ijumaa iliyofuata alitoka mapema akaenda kwa miguu, akalikosa kwa dakika chache, akangoja la pili. Alipopita Qurum hapakuwa na mtu kituoni. Wiki nyengine alishindwa kutoka mapema kwa sababu Mama alikuwa na homa. Wiki nyengine ilikuwa mwezi wa sita, na anayelijua jua la Muscat la mwezi wa sita hahitaji nimweleze. Akanijia alfajiri, mlango wa chumba changu, akagonga kwa ukucha.

"Dada, samahani. Unaweza kunifikisha pale msikitini tu? Si mbali na gari."

Mie nilikuwa kitandani. Gari langu lilikuwa chini ya kivuli, ufunguo mezani. "Ijumaa ndo siku yangu ya kupumzika," nikamwambia. "Na mie mtu."

"Sawa, Dada." Hakugonga tena. Katika miezi yote ile aliupata uso wa mdogo wake mara tatu. Bibi wa Qurum alichoka kusimama na msichana kituoni kumtazama mtu asiyekuwemo, akasema basi tena, huyu dada yako hakutaki.

Nilisikia dada mtu akimwambia Mama hayo. Mama hakucheka Ijumaa zile. Alimshika mkono tu, akawa anamsugua vidole.

Khabari zilifika kupitia kwa mwanamke mmoja wa kwaya. Yule msichana alikuwa amekonda, tumbo limevimba, hajui kueleza, na watu wake wakaona wasijitie katika mambo ya hospitali, wakamkatia tiketi ya kurudi kwao. Walimpandisha ndege siku ya kazi, asubuhi. Uwanja wa ndege uko karibu na sie kuliko Qurum. Dada yake wakati ule alikuwa akianika mashuka kwenye ua wetu, pengine ndege ile ilimpita juu ya kichwa. Alipata kujua baada ya siku nne. Kisha ikapigwa simu kutoka Morogoro. Alikuwa anamkanda Mama miguu kwa mafuta ya nazi. Alisikiliza, akasema "ndiyo, ndiyo, shangazi", akaiweka simu chini, akamaliza mguu wa pili. Halafu ndipo akainama juu ya kitanda, na Mama akamfunika kichwa na mtandio wake. Mie nilisimama mlangoni na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Aliomba kuondoka. Mama akasema aende, na mie nikamtengenezea makaratasi haraka kuliko nilivyopata kufanya jambo lolote. Siku ya safari nilimpeleka uwanjani. Ndiyo mara ya kwanza kumpakia gari langu. Alikaa mbele, mkoba mapajani, kipande chake cha kanga kajifunga kichwani. Nilimuuliza kile cha mdogo wake kiko wapi. Akasema wamemzika nacho. Tulipita ule msikiti mpya, tukapita kituo alichokuwa akikifuata kwa miguu, na kwa gari tulifika kwa dakika tano. Akakitazama mpaka kikapotea nyuma yetu.

"Dada," akasema, "ile habari ya kituo, uliwahi kuniulizia?"

Alikuwa haniulizi kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua tu, kama mtu anayefunga mizigo na kuangalia chini ya kitanda kama hakusahau kitu. Nilikuwa na nafasi pale. Barabara ilikuwa nyeupe, hakuna mtu, ningeweza kusimamisha gari.

"Niliuliza," nikamwambia. "Wamekataa."

"Asante kwa kuuliza."

Akashuka, akabeba begi lake mwenyewe, akaingia ndani.

Baada ya hapo tulileta mwengine, Mfilipino, mpole, Mama akawa hamwambii zaidi ya maji na choo. Mie nilidhani sasa zamu yangu imefika. Nilikuwa namkanda mimi, nampikia mimi, Ijumaa najitia kusimulia habari za ofisini. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. Hakunitukana tena. Wallahi nilitamani anitukane. Nilimwekea chai nyepesi makusudi, akainywa.

Ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima, mabasi yakasimama, mji ukawa kimya. Mama alikuwa dirishani na daftari lake vile vile. Nilimwambia, "Mama, hakuna cha kuhesabu." Akasema, "Naandika kuwa hakuna." Yaliporudi, yalirudi na kadi. Mtu akigusa kadi mlangoni, mashine inajua kapanda wapi, iwe Jumatatu iwe Ijumaa. Mashine haikuzaliwa katika nyumba inayolala Ijumaa. Ofisini akaja mwanamke mpya wa hesabu hizo, akaniita mezani kwake. Alikuwa kaona ajabu: Ijumaa asubuhi, kile kituo cha ng'ambo ya msikiti kinapandisha wanawake wengi, na hakuna nyumba karibu. Wanatoka wapi?

"Sijui," nikasema.

"Itakuwa wanatoka mtaa wa upande wa pili wa barabara, wanatembea. Inafaa tuwawekee nguzo." Akanyoosha kidole kwenye ramani. Kilikuwa juu ya kona yetu.

"Fikra nzuri," nikasema.

Wakakirudisha. Safari hii na kiti na paa la kivuli. Mama aliwatazama mafundi mpaka wakamaliza, mie nikiwa nimesimama nyuma yake na sahani ya uji.

"Wamekirudisha," akasema.

"Naam, Mama."

"Kumbe ilikuwa inawezekana."

Akala uji wake. Hakulitaja tena jambo hilo, na mie sikulitaja, na mwaka uliofuata akafariki, asubuhi, tunamgeuza ubavu. Alikuwa keshakuwa mwepesi kama mtoto. Alichosema mwisho ni kuomba dirisha lifunguliwe.

Baada ya arobaini nilifungua sanduku lake. Asumini ile kavu ilikuwa imebaki chini, na juu yake madaftari, kumi na zaidi, yamefungwa na uzi. Nilikaa chini nikayasoma, herufi za Kiarabu, Kiswahili cha Mama, kalamu ya risasi imefifia. Siku za kazi alikuwa ameandika mafupi. Ijumaa ndizo zilizojaa. Nikafika Ijumaa ya kwanza baada ya nguzo kung'olewa. *Wamesimama sita pahala pa kituo. Basi limepita. Mtoto wetu kainua mkono, halikusimama.* Ijumaa ya pili: *Mtoto wetu kaenda kwa miguu. Gari la mwanangu lipo chini ya kivuli. Mwanangu kalala.* Ya tatu: *Jua kali. Mtoto wetu kaenda kwa miguu. Gari lipo. Mwanangu kalala.* Nikafungua ukurasa baada ya ukurasa, na ni hayo hayo, hakuchoka kuyaandika. *Gari lipo. Mwanangu kalala.* Alinihesabu kila wiki, kwa kazi ile ile niliyompa mwenyewe, na hakuniambia neno.

Ile siku niliyompeleka yule mwanamke uwanja wa ndege nilikuwa nimeshasahau kuwa ilikuwa siku gani. Ilikuwa Ijumaa. Mama kaandika mistari miwili tu.

*Mtoto wetu kasafiri.*

*Leo mwanangu kaamka mapema.*